Nywele Shavuni kwa Ernesta

Benchi hili nililitengeneza mwenyewe kwa ajili ya wateja wanaosubiri kunyolewa, na tangu siku nilipolipigilia msumari wa mwisho sijaona mteja amelikalia. Liko mbele ya kibanda changu cha kinyozi, hatua chache kutoka stendi ya Same, mahali ambapo vumbi la barabara kuu huwahi kikombe kabla ya kahawa. Wanaolikalia ni hawa. Profesa, jina lake halisi Zebedayo, bwana shamba mstaafu, anayejua kila kitu duniani isipokuwa saa ya kurudi kwake. Turbo, yaani Loth wa bodaboda, mwenye pikipiki inayokwenda kasi kuliko akili yake. Mbaraka wa kahawa, ambaye ameshaamua kwamba kivuli changu ni mali ya umma. Na Hezroni, mwalimu wa kwaya, tuliyemwita Uwanja kwa sababu ya kipara chake, mpaka mwaka huu nywele zilipomrudia, tukaendelea kumwita hivyo hivyo kwa ubishi tu. Mimi ni Salehe, wao huniita Mashine, na Alhamisi hiyo nilikuwa nimeamka na hasira zangu za kawaida. Hezroni akafika kimya kimya, akakaa pembeni kabisa.

— Shikamoo, mwalimu, — alisema Turbo.

Hezroni alikuwa anajikuna utosini.

— Uwanja, kijana kakuamkia, — alisema Mbaraka huku akimmiminia. — Au leo marahaba zimeadimika?

— Marahaba, Loth. Nisameheni. Nyumbani kwangu kumeharibika.

— Kuna msiba?

— Hakuna msiba. Mjukuu wangu ameota nywele.

Turbo akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Sasa mzee wangu, mtoto wa miezi kumi ulitaka aote nini? Mahindi?

— Usoni, Loth. Ameota nywele usoni. Nyeusi, za kushikika kabisa. Na mikononi pia.

Kicheko kikakatika. Mbaraka, aliyekuwa anamimina, aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, kahawa ikamwagikia viatu vya Profesa, na Profesa hata miguu hakuiondoa.

— Lahaula! — alisema Mbaraka.

— Yesu wangu! Usoni? Si ni mtoto wa kike yule? — aliuliza Profesa.

— Wa kike. Mwanzoni tulidhani ni malaika tu, zile nywele laini za watoto. Wiki baada ya wiki zikakolea. Juzi dada yangu Dorkas kashuka kutoka Bombo kuja kumwona. Kamfunua khanga, kapiga ukelele, majirani wamejaa uani kama kuna moto.

— Akasemaje?

— Kasema ukoo wetu haujawahi kuzaa kitu kama hicho. Kasema Irine arudi kwao Msangeni na mtoto wake, akawaulize wazazi wake wametuficha nini. Leo asubuhi nimemwacha anafunga begi.

Irine ni mkwewe, mama wa huyo mtoto. Binti mpole, aliyekuja Same akiwa na miaka ishirini na miwili, na sijawahi kusikia jirani akimlalamikia hata kwa moshi wa jiko.

— Na Fredrick? — niliuliza. Fredrick ni mwanawe Hezroni, mume wa Irine, dereva wa lori.

— Yuko Tunduma, kwenye foleni ya mpakani. Shangazi yake kawahi kumpigia. Sasa simu ya mkewe hapokei.

— Na wewe, mwenye nyumba, umesemaje?

Hezroni akajikuna utosini kwa kucha zote tano.

— Nimesema tuombe.

Nilitaka kumrushia taulo. Mtoto yule wamempa jina la marehemu mke wa Hezroni, Ernesta, na kwa mila zetu babu humwita "mke wangu," humletea ndizi mbivu, humgombeza kwa kuchelewa kupika. Mtaa mzima unajua Hezroni alianza kucheka tena baada ya mazishi siku mtoto huyo alipozaliwa. Sasa anafukuziwa mke mchana kweupe, yeye anasema tuombe. Iliniuma sana. Lakini benchi halikuwa na muda wa kuumia, lilikuwa limeshapata kazi.

— Mimi najua, — alisema Turbo. — Ni simu. Shemeji Irine ananyonyesha huku anaperuzi. Mionzi inashuka kwenye maziwa, maziwa yanashuka kwa mtoto. Sayansi hiyo.

— Wewe unalala na simu kifuani tangu darasa la saba, — nilimwambia, — na hata ndevu tatu hujapata.

— Mimi natumia bando la usiku, Mashine. Halina nguvu.

— Nyamazeni, — alisema Profesa, akivua miwani, dalili kwamba anakuja na wahenga. — Huyu binti alipokuwa mjamzito, alipita na basi barabarani, akamwona nyani, akamcheka. Ndiyo maana wahenga walisema, nyani haoni kundule.

— Hiyo inahusikaje?

— Asiyeona nyuma yake anaonekana mbele ya wenzake. Fikiri taratibu, utaelewa.

Nimefikiri tangu siku hiyo na bado. Methali za Profesa huja kama mgeni aliyekosea nyumba, lakini akishaketi humwondoi.

— Mimi naona ni rehema, — alisema Mbaraka. — Asili ya mtoto ni Bombo, milimani, kwenye baridi na ukungu. Amezaliwa huku chini kwenye jua. Mwili wake haujui. Unajivika koti mapema. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya baridi ni nywele.

— Basi Bombo yote ingekuwa na manyoya! — Turbo akaruka. — Sikilizeni. Mbuga ya Mkomazi ipo hapo tu, sivyo? Simba wapo, sivyo? Upepo unavuma kutoka wapi? Mama mjamzito akivuta upepo uliopita kwa simba, mtoto anatoka na alama. Kimya kimya! Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Subhanallah, — alinong'ona Mbaraka, na nikaona ameamini.

— Watoto wadogo nyie, — alisema Profesa. — Mimi nimekuwa bwana shamba miaka thelathini na moja. Ardhi haioti kitu hivi hivi. Kikiota, kuna mtu katia mbolea. Huyo mtoto kuna kitu anatiwa.

Hezroni akaacha kujikuna. Nami nikakohoa.

Naapa sikukohoa kwa sababu nilijua. Nilikohoa kwa sababu ya siri nyingine, na hapa inabidi niitoe. Mwalimu wa kwaya husimama akiwatazama waimbaji, kwa hiyo waumini wote humtazama kisogo. Kwa miaka mingi Walutheri wa hapa waliabudu mbele ya kipara cha Hezroni, na watoto wakibashiri nzi atatua wapi. Mwaka jana alinijia, akafunga mlango wa kibanda, akaniomba dawa. Nikamwagizia kutoka Moshi chupa ya dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ile kali. Boksi na kikaratasi chake cha maelezo aliniachia mimi ili visionekane nyumbani, na kile kikaratasi nilikifanya cha kufutia mashine bila kusoma hata mstari mmoja. Akapaka asubuhi na jioni, na alipoona nywele zinasuasua akaongeza kipimo. Ngozi ikamwasha, ikawa nyekundu, ikabanduka magamba meupe yakamwagika mabegani kama unga wa sembe. Nikamwambia ni joto la Same. Miezi mitano baadaye nywele zikaota, naye akasimama madhabahuni akashuhudia kwamba ni Bwana aliyetenda, akatoa jogoo wa shukrani, jogoo akanadiwa nje baada ya ibada, watu wakapiga vigelegele. Baada ya ushuhuda ule, nani angetaja tena chupa? Akaendelea kupaka kwa kujificha, kwa kuwa akiacha muujiza utapukutika.

— Mbolea gani sasa, Profesa? — aliuliza Turbo.

— Mchicha! Huyo mama anakula mchicha wa bustani za bondeni. Wale wanamwaga urea bila kipimo. Urea kwenye mchicha, mchicha kwa mama, mama kwenye maziwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Hezroni akaanza kujikuna tena, na mimi nikashusha pumzi. Naona aibu kuandika hivyo.

— Shikamooni, — sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa Irine. Begi mkononi, mtoto mgongoni amefunikwa khanga mpaka kichwani katika jua lile, ili watu wasimwone. Nadhani alikuwa amesikia habari za simba, labda na za nyani. Turbo akainamia kikombe chake kama anasoma kitu ndani.

— Marahaba, mama Ernesta, — tuliitikia kwa pamoja, sauti ndogo.

— Baba, nimepita kukuaga. Hiace ya Mwanga inapakia. Shangazi alisema niondoke tu, ila sikutaka kuondoka kama mwizi.

— Mwanangu, — alisema Hezroni, akainuka.

Irine akamfungua mtoto mgongoni. Ernesta alipomwona babu yake akapiga kelele ya furaha, akamrukia kwa mikono miwili. Hezroni alimpokea bila kufikiri, akamkalisha shingoni, maana ndivyo wanavyozunguka mtaani kila asubuhi, yeye akimwimbia sauti zote nne. Mtoto akakumbatia kichwa cha babu kwa mikono yake yote, akalaza shavu la kushoto kwenye utosi, akatulia. Shavu la kulia likabaki juu, likitutazama.

Lilikuwa laini. Shavu la mtoto kama la mtoto mwingine yeyote.

— Mbona hana kitu? — alisema Turbo, na Mbaraka akamfinya paja.

— Mgeuze, baba, — alisema Irine.

Hezroni akageuka. Upande wa kushoto, kutoka kwenye nyusi mpaka chini ya sikio, zilikuwa nywele nyeusi zilizolala upande mmoja, kama sharubu za mvulana wa kidato cha tatu. Na ile mikono iliyokumbatia kichwa, kwa ndani, ilikuwa na manyoya kutoka kiwiko mpaka kiganja. Profesa alisimama. Mbaraka alitaja jina la Mungu na akaishia katikati.

— Nesi wa zahanati kaniambia nimpeleke hospitali wakampime, — alisema Irine. — Nyumbani nikaambiwa laana haina dawa. Sawa. Ila nyie ni watu wazima, mmesoma, mmetembea. Mimi namwogesha huyu mtoto kila siku, namjua kila mahali. Kama ni ukoo wetu wa Msangeni, ni ukoo gani unaotia nywele shavu moja ukaliacha la pili?

Watu ambao kwa nusu saa walikuwa wamejaza nyani na simba kwenye tumbo la binti wa watu, wote walitazama chini. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza nywele ziko upande gani.

Ernesta alikuwa ameanza kusinzia pale juu. Shavu lilishuka kidogo, likateleza, kwa sababu utosi wa babu yake ulikuwa unang'aa kwa unyevu. Ilikuwa saa tatu kasoro. Saa mbili ndiyo saa ya Hezroni ya kupaka dawa.

Irine alikuwa anatazama pale pale nilipokuwa natazama mimi. Akanyoosha kidole, akakigusa kichwa cha baba mkwe wake, kitu ambacho mkwe hafanyi, akakinusa kile kidole.

— Baba, — alisema taratibu, — kichwani unapaka nini?

Hezroni alimtoa mtoto shingoni kwa ghafla kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akamning'iniza mbele yake kwa mikono iliyonyooka, mbali na mwili wake. Hajawahi kumshika hivyo. Ernesta akashtuka, akaangua kilio, akawa ananyoosha mikono kukitaka kichwa cha babu yake, na babu akawa anarudisha kichwa nyuma, machozi yanamtoka, anarudisha tu.

— Mwanga, Mwanga! — konda akaita kutoka stendi. — Dada mwenye mtoto, tumejaza, twende!

— Nendeni, — alisema Irine bila kugeuka. Akamchukua mwanawe, akamfuta shavu na mikono kwa khanga, akafuta tena, akakaa kwenye benchi langu katikati ya Profesa na Turbo, ambao walisogea kumpisha. — Mimi nina swali hapa.

Hiace ikaondoka, vumbi likatufunika, likatulia. Mbaraka alikuwa amekumbatia birika lake kama mtoto. Hezroni akanitazama mimi. Nami nikamtazama yeye. Irine akatutazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kisha akalirudia swali lake, safari hii akiniuliza mimi.