Mhubiri Haondoki Kabla ya Chai

Mheshimiwa Baba Askofu, uliyeacha shughuli zako za mjini ukaja kutuona sisi wa Loresho. Mchungaji wetu na mama mchungaji. Wazee wa kanisa mlioketi kwa mpangilio mnaoujua nyinyi wenyewe. Wageni waalikwa kutoka Kitisuru, ambao magari yenu yameziba lango letu na tumewasamehe. Ndugu zetu wa Kangemi, mliokuja kwa miguu na bado mkafika kabla ya hao wenye magari. Akina mama wenzangu. Vijana mlio kule nyuma mkidhani siwaoni. Na watoto wote: Bwana asifiwe.

Nimesikia amina ya wazee. Ya vijana bado iko njiani. Bwana asifiwe tena. Haya, sasa imefika.

Kwa wasionijua, mimi ni Nyakio, mama yake Shiru, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hili. Nimepewa kazi ya kumuaga Mzee Joash Oyoo, mzee wetu kiongozi, ambaye leo anastaafu uzee wa kanisa na mwezi ujao anarudi nyumbani Ugenya pamoja na mkewe Caren. Juzi aliniita kando akaniambia, "Nyakio, usinisifu sana. Mtu akisifiwa akiwa hai, watu huanza kuuliza mazishi ni lini." Nikamwambia, Mzee, umetuamuru miaka mingi, na leo ni zamu yako kukaa kimya usikilize. Mwangalieni alivyokunja uso. Huo ndio uso ambao wahubiri wengi wameukimbia.

Wageni wetu, kuna desturi hapa ambayo huenda hamjaiona katika kanisa lingine. Kanisa hili lilipokuwa la mabati, Joash alikuwa kijana, karani wa ofisi moja ya bima huko mjini kati. Kila Jumapili alikuja mhubiri mgeni, akasema, akatokwa na jasho, akatuombea, akaondoka. Siku moja Joash akasimama wakati wa matangazo, jambo ambalo kijana hakuruhusiwa kulifanya, akauliza, "Na sisi tukiwa na swali, tumfuate wapi?" Wazee wa wakati huo walikasirika. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja na birika lake kutoka nyumbani, limejaa chai ya maziwa, akaweka kiti kimoja mbele ya watu, akamwambia mhubiri, "Karibu chai."

Kuanzia siku ile, mhubiri haondoki hapa kabla ya chai. Anakaa kwenye kiti kile cha mbao mnachokiona pale, anapewa kikombe, Biblia inafunguliwa mbele yake, na yeyote anaweza kumuuliza, mkubwa kwa mtoto. Swali letu kubwa ni moja, na kila mtoto wa darasa la Jumapili analijua: "Tuonyeshe ni wapi." Si kwa ubaya, si kwa dharau. Umetuambia jambo zito kuhusu Mungu, basi tuonyeshe limeandikwa wapi, nasi tukaliishi. Mhubiri mwaminifu hufurahi. Wengine wamekumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa wa kumtembelea.

Tuseme ukweli, tulichoka nayo. Ndugu Mwaura, mweka hazina wetu, aliiita mahakama ya chai. Mimi mwenyewe, Jumapili zenye jua kali na njaa, nilitamani yule mhubiri aseme tu amina twende nyumbani tukapike. Mzee Joash hakujali. Hata yeye alipohubiri, alikwenda akaketi pale na kuulizwa, na kuna siku mtoto mmoja, Shiko wa darasa la Jumapili, alimbana mpaka akasema, "Hapo nilikosea. Wiki ijayo nitasahihisha." Na wiki iliyofuata akasahihisha mbele yetu sote.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka wa 2005 ukumbi mmoja ulifunguliwa kule Westlands. Jumamosi ulikuwa disko, na Jumapili asubuhi, kwa spika zile zile na taa zile zile za rangi, ulikuwa kanisa la mtu aliyejiita nabii. Jina lake silitaji, leo ni siku ya shukrani. Vijana wetu waliupenda. Nani angewalaumu? Hapa kwetu kulikuwa na kinanda kinachokoroma na mzee mwenye maswali. Kule kulikuwa na muziki, kulikuwa na skrini kubwa, na kulikuwa na mtu anayekuambia kwamba matatizo yako yote yataisha kabla ya Ijumaa. Viti vya vijana hapa vikabaki vitupu. Mmoja wa waliokwenda ni Ivyne, bintiye Mzee Joash.

Ivyne alikuwa na kifua kikuu. Nalisema hadharani kwa sababu yeye mwenyewe amenituma niliseme. Alikuwa amepewa dawa kwenye zahanati, na kila asubuhi mama yake Caren alimjazia gilasi ya maji akasimama hapo mpaka ameze. Mnaojua ugonjwa huu mnajua hila yake. Baada ya wiki kadhaa kikohozi kikakoma, nguvu zikarudi, mtu akajiona mzima, ingawa ugonjwa bado umo ndani umejibanza. Wakati huo huo ndipo nabii alipompandisha jukwaani mbele ya umati, akamwekea mkono kichwani, akatangaza kwamba amepona. Akamwambia atupe dawa. Akamwambia kwamba kila tembe atakayomeza kuanzia leo ni kumwambia Mungu, wewe ni mwongo.

Kesho yake Caren alimimina maji kama kawaida. Ivyne akaweka kiganja chake juu ya gilasi. Akasema, "Mimi nimepona, Mama. Ukinipea dawa unanitoa kwa imani." Na dawa zote alikuwa ameshazitumbukiza chooni.

Akina mama wenzangu, niambieni, mngefanya nini? Mimi nilimshauri Caren amfungie ndani. Mwingine akasema apigwe. Ndugu wa Ugenya wakapiga simu wakisema msichana arudishwe nyumbani mara moja. Na watu wengine, ambao wako hapa leo na nguo nzuri, walicheka wakasema mzee amelilinda kanisa zima na nyumba yake ikaingiliwa. Wiki chache baadaye kikohozi kikarudi. Nilikisikia mimi mwenyewe Jumapili moja nikiwa kwenye kwaya ya akina mama, maana Ivyne alikuja siku hiyo kumfurahisha mama yake, na kila alipokohoa Caren alifumba macho.

Wakati huo huo baraza la wazee lilikuwa likigombana. Ndugu Mwaura, usijifiche, tumeshasameheana, alileta hoja kwamba tumwalike nabii ahubiri hapa, ili vijana warudi. Wengine wakasema mtu yule asikanyage hapa. Wote walimgeukia Mzee Joash wakijua atakataa. Akasema, "Aje." Mwaura hakuamini masikio yake. Kisha Mzee akaongeza, "Aje ahubiri atakavyo. Lakini atakunywa chai."

Siku ilipofika, watu walijaa mpaka nje kwenye nyasi. Nabii alifika na gari refu jeusi na vijana wenye miwani myeusi wakimfungulia mlango. Na alihubiri, jamani, simnyimi haki yake. Sauti yake ilikuwa tamu. Watu walilia. Mimi niliguswa nikasahau kwamba nilikuja nikiwa nimenuna. Alipomaliza, wasaidizi wake wakamzunguka kumtoa, na pale mlangoni wakamkuta Mzee Joash amesimama na birika mkononi.

"Nabii, karibu chai," akasema.

Msaidizi mmoja akamjibu, "Mzee, mtumishi wa Mungu haulizwagi maswali. Amechoka, anaenda kupumzika."

"Hapa kwetu anaulizwa," akasema Joash. "Hata mimi naulizwa. Muulizeni Shiko."

Umati wote ulikuwa ukitazama. Nabii akatabasamu, akarudi, akaketi kwenye kiti cha mbao. Caren akamtilia chai. Biblia ikafunguliwa. Mwaura akauliza swali laini kuhusu baraka, likajibiwa kwa madaha. Nilimtazama Mzee Joash nikisubiri. Nilijua anajua la kuuliza. Kila mtu alijua. Lakini yeye alisimama tu pale pembeni na birika lake, mdomo umefungwa, na nikamkasirikia kweli kweli. Nilisema moyoni, huyu mzee ametuulizia wahubiri maisha yake yote, na leo ambapo ni mtoto wake, amekuwa bubu?

Ndipo tuliposikia kikohozi kule nyuma, kisha kiti kikisogezwa. Alikuwa Ivyne. Alikuwa amekonda, amejifunga leso kubwa, na alishika kiti cha mbele yake ili asimame wima.

"Nabii, niko na swali moja tu," akasema. "Tukiwa wadogo hapa tulifundishwa juu ya mfalme Hezekia. Alikuwa mgonjwa wa kufa. Nabii Isaya akamwambia Mungu amesema utapona. Halafu huyo huyo Isaya akaagiza waponde tini wambandike kwa jipu. Sasa, Isaya alikuwa anamwambia Mungu ni mwongo?"

Nabii akacheka kidogo. Akasema, "Binti, hiyo ni roho ya uasi inazungumza ndani yako."

"Sawa," akasema Ivyne. "Inaweza kuwa. Lakini wewe uliniambia nitupe dawa, na nilitupa. Tuonyeshe ni wapi."

Nabii akafungua kurasa. Akasoma mstari mmoja, na mzee mmoja alipomwomba asome na unaofuata, akaacha kusoma. Akafungua mbele, akafungua nyuma. Chai yake ikapoa mpaka ikafunga utando juu. Hatimaye akasema kwamba yeye hakuja hapa kujadiliana na watoto, akasimama, akaenda, na kikombe kikabaki pale kimejaa. Gari refu likatoka langoni. Vijana wachache walilifuata, na mpaka leo tunawaombea. Wengine wote walibaki wakiangalia kile kikombe.

Ivyne aliketi chini akalia. Mama yake akaja na gilasi ya maji, akaishika tu, kwa kuwa dawa hazikuwepo. Kesho yake asubuhi baba na binti waliteremka pamoja hadi zahanati. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Alianzishwa upya kabisa, mara hii kwa sindano pamoja na tembe, na kuna wiki tulizoogopa kwamba tumechelewa. Lakini kila asubuhi alimeza, na kila alipomeza aliomba, na hakuona kwamba jambo moja linalikana jingine.

Baadaye nilimwendea Mzee Joash nikiwa bado na hasira. Nikamwuliza, "Ule mstari wa Hezekia uliujua. Kwa nini hukuuliza wewe?"

Akanijibu, "Ningeuliza mimi, Ivyne angebaki na imani yangu. Nilitaka abaki na yake."

Nikamwuliza, "Ulikuwa na hakika kwamba atasimama?"

Akasema, "Sikuwa na hakika hata kidogo, Mama Shiru. Niliogopa sana." Akanionyesha mkono wake. Alikuwa ameshika birika kwa tumbo badala ya mpini, muda wote ule, na kiganja kilikuwa kimeungua bila yeye kusikia maumivu.

Baba Askofu, ndugu zangu, ndiyo sababu hatujakusanyika leo kwa huzuni. Tunashangilia. Mafundisho ya uongo hayajaisha, yameongeza tu njia za kutufikia. Ziko redio, ziko simu hizi mnazozificha chini ya vitabu vya nyimbo, wako wahubiri wa runinga wanaouza maji ya bomba kwenye chupa. Na zile kumbi za Westlands hazitahama kwa sababu tumekemea. Je, tuwajengee watoto wetu ukuta mrefu kama wa nyumba za Kitisuru, na mbwa, na mlinzi langoni? Mzee huyu hakujenga ukuta wowote. Alimruhusu adui aingie kwa mlango wa mbele, akamkaribisha kiti, akamtilia chai, kwa sababu miaka yote ile alikuwa amewafundisha watoto wetu kuuliza swali moja bila woga. Vijana, msifikiri imani ni kutouliza. Anayewakataza kuuliza ana anachoficha. Ulizeni, na mkishaonyeshwa, tiini. Hilo la pili pia mlisikie, maana naona mmeshangilia la kwanza tu.

Mzee Joash, kanisa la mabati limekuwa la mawe, na karani wa bima amekuwa na mvi. Nchi hii ilipochomeka mwaka jana baada ya uchaguzi na watu wakaanza kuulizana makabila, ni meza yako ya chai iliyotuweka tumekaa pamoja, Mjaluo akimtilia Mkikuyu na Mkikuyu akimpitishia sukari. Umetuudhi. Umetuchelewesha chakula cha mchana Jumapili zisizohesabika. Na tunakupenda, wewe na Caren, na tutawakosa vibaya sana. Nendeni Ugenya kwa amani, na tunawahurumia wahubiri wa huko.

Kabla sijaketi. Baraza la wazee limemchagua wa kulishika birika baada ya Mzee. Ivyne, simama watu wakuone. Mtazameni. Mapafu yote mawili mazima, daktari ameandika, na kwaya imethibitisha. Mwezi uliopita alimaliza chuo, sasa ni muuguzi, na anafanya kazi kwenye zahanati ile ile, akiwasimamia wengine wakimeza dawa zao. Haya, pigeni makofi ya kweli, si ya kiaskofu. Mzee, mpe birika. Mpe kwa mpini safari hii.

Nawashukuru nyote mlionivumilia na kunipa masikio yenu. Na wewe, Baba Askofu, tunakushukuru kwa mahubiri mazuri ya asubuhi. Nimeona dereva wako amekwisha kuwasha gari. Mwambie azime. Kiti chako ni kile pale, chai iko moto, na Ivyne ana swali.