Uso Ulioisha kwa Mabusu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Saveta Hriscu anaweka brashi chini baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya kukarabati michoro ya kale ya makanisa. Waliodhani angechoka mapema hawamjui.

Alianza kwa kuchanganya chokaa. Enzi hizo mwanamke kupanda jukwaani kanisani kulikuwa kichekesho. Naye akapanda, akawaambia waliocheka wamshikie ngazi. Tangu hapo ametibu kuta za makanisa ya jimbo zima la Bukovina huku akiwafokea waumini wanaokuja kuibusu michoro: "Midomo mbali! Hiyo ni rangi, si ugali wa mamaliga!" Hata mama mkwe wangu aliwahi kufukuzwa. Sikusikitika.

Ila kazi iliyotujulisha Saveta ni nani ni ukuta wa kanisa la kijiji cha Dealu Corbului. Mchoraji wa kale alimchora Mungu pale kama mzee wa nywele nyeupe, vile Danieli alivyomwona njozini. Akamchora chini mno, usawa wa midomo. Wanakijiji, kizazi baada ya kizazi, waliubusu ule uso wakienda shambani, sokoni na vitani, mpaka ukaisha. Ilibaki mikono na joho, na penye uso plasta tupu.

Tulipofika tulikuta ugomvi. Padri Ilarion alitaka mchoro wote upakwe chokaa. "Yohana kasema hakuna aliyemwona Mungu wakati wowote!"

Toader, mzee wa kanisa, akaruka. "Na Musa je, aliyesema naye uso kwa uso?" Akamgeukia Saveta. "Mama, turudishie uso wa Mungu wetu!"

"Katika sura hiyohiyo ya Maandiko, Toader, Musa anaambiwa hawezi kuuona uso akaishi!"

Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana hawakusikilizana.

Bi Saveta alikataa kufuta, akakataa na kuchora. Mkurugenzi wetu wa wakati huo akampa chaguo: afanye moja, au kazi hana. Mume wake alikuwa mgonjwa, na mshahara ulikuwa huo mmoja. Nilimsihi akubali. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya ukuta.

"Nifukuzeni," akasema. "Maandiko yameyaacha maneno yote mawili yakae pamoja, na hakuna aliyeyapaka chokaa. Babu zenu walikutana na Mungu hapa uso kwa uso, na uso hauonekani. Mnataka nisahihishe nini?"

Toader alivua kofia. Padri akaenda yeye mwenyewe kumpigia simu mkurugenzi, kumwambia ukuta uachwe ulivyo. Tuliimarisha rangi iliyobaki, pengo tukaliacha, na Saveta akabaki kazini.

Wiki iliyopita aliomba tumpeleke huko mara ya mwisho. Alikagua nyufa, akagomba kuhusu unyevu, akatuamuru tutangulie garini. Alipodhani tumeondoka, aliinama akaibusu ile plasta.

Tulikuona, Bi Saveta, na hakuna atakayekufokea. Ahsante kwa kazi yako, na ahsante zaidi kwa ukaidi wako. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha. Siku ukizikumbuka kuta, njoo, ngazi tutakushikia.