Sufu Ambayo Mama Béthanie Hakuingoja Iwe Uzi

Jumanne hii, tarehe 30 Septemba 2025, Mama Béthanie Mianda anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika Atelye Mwanga, karakana yetu ya sufu hapa Kamina. Tungependa kuandika kwamba tumejiandaa. Hatujajiandaa.

Alikuja kwetu mwaka 1997, mke wa karani wa reli, amesomea ualimu, na hajawahi kumshika kondoo. Alipewa kazi ambayo wengine waliikimbia: kuandaa sufu kabla haijawafikia wasokotaji. Sufu iliyofuliwa huchanwa kwa brosi mbili zenye meno ya waya mpaka nyuzi zilale upande mmoja, kisha huviringishwa kuwa misokoto laini. Ukiukaza msokoto, uzi unatoka na mafundo. Ukiulegeza mno, unakatika mkononi mwa msokotaji. Mama Béthanie alikuwa na wasiwasi na kila msokoto: aliupeleka dirishani, akaupapasa, akaurudisha kwenye brosi. Tulimcheka sana. Kuna mwaka aliondoka katikati ya harusi ya shemeji yake, aje kutazama kama mlango wa stoo umefungwa, panya wasije wakalala ndani ya sufu. Ulikuwa umefungwa.

Mwezi wa sita mwaka jana hakuna aliyecheka. Msokotaji wetu, Débora Kabamba, alijifungua kwa upasuaji kabla ya wakati. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali, umeme umekatika, na Débora alikuwa hajazinduka, hawezi kuwekewa mtoto kifuani ampe joto. Mumewe, Jéthro, alifika atelye kwa pikipiki kutoka hospitali kuomba blanketi. Yetu yote yalikuwa mazito, yanawasha. Kusokota uzi laini na kuufuma kungechukua siku kadhaa.

Mama Béthanie alibeba beseni la sufu iliyochanwa, ile bora tuliyoitunza kwa oda ya Lubumbashi, akapanda nyuma ya Jéthro.

Wodini, muuguzi Marie-Thérèse alimzuia.

« Mama, ile manyoya itaingia mu pua ya mutoto. »

« Njo maana nitaishona ndani ya kitambaa, mwana yangu. Unipe tu kitambaa safi. »

Alitandaza sufu tabaka juu ya tabaka bila kuikandamiza, kwa sababu joto hukaa katika hewa iliyo kati ya nyuzi. Kilichomtesa ni miiba midogo ya majani ambayo kondoo hutoka nayo malishoni. Aliipapasa sufu yote upya. Alipokaribia kumaliza kushona, akafumua upande mmoja, kwa kuhofia mwiba ambao huenda haukuwepo. Jéthro alishindwa kuvumilia.

« Mama, mutoto iko anapoa! »

« Miye pia niko naogopa, Jéthro. Ushike hapa, nimalize. »

Jéthro akashika. Mtoto alifungwa mpaka kichwani, uso tu ukabaki wazi. Mama Béthanie alimpakata, vidole viwili chini ya kitambaa, akipima kama miguu inapata joto. Sisi tuliobaki atelye hatukusokota kitu. Kila pikipiki ikipita, tulitoka mlangoni.

Mchana Débora alizinduka, akawekewa mwanawe kifuani. Miguu ilikuwa ya moto. Jina lake ni Béni, na ameanza kutembea.

Oda ilichelewa, mteja akakasirika. Mama Béthanie ndiye aliyempigia simu. Alimweleza yote, ila hakuomba radhi.

Sasa Séraphin, aliyefundishwa naye mwaka mzima, ndiye atakayekaa mezani pake. Anaijua kazi. Juzi tulipomuuliza kama yuko tayari, alijibu « Kidogo », akakagua tena msokoto wake.

Mama Béthanie, kwa miaka yote hii ulihangaika kwa niaba yetu, sisi tukalala vizuri. Tunakushukuru kwa moyo wote. Kuanzia kesho mahangaiko hayo ni yetu. Wewe ulale mpaka jua lipande, Mungu akujalie afya, na siku zako zilizo mbele ziwe nyingi, njema na tulivu.