Bwana Apolinary Masatu, Daktari wa Mbwa Wetu

Maneno ya Bibi Nyamburi wa jikoni, ofisi ya mifugo, yamepigwa taipu na Skolastika

Bwana Apolinary Masatu anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni 1995, baada ya miaka thelathini ya kutibu mifugo Bunda, Butiama na hapa Musoma. Ng'ombe aliowaponya watasifiwa na wakubwa. Mimi nasema habari za mbwa.

Miaka ile ya shida dawa hakuna, sabuni hakuna, tairi la baiskeli yake limejazwa majani. Na bado alifika. Sindano alikuwa anachemshia kwenye sufuria yangu ya chai, mpaka nilipomfuma. Siku hiyo alikula maneno badala ya andazi, kesho yake akaja na kopo lake.

Mbwa wa ukurutu watu waliwapakaga oili chafu ya gari. Ngozi inaungua, mwenyewe anasema dawa imekolea! Apolinary aliwagombeza, akawaosha mbwa kwa dawa ya josho aliyoipima. Wa minyoo aliwapa dawa, akakataza kuwatupia matumbo mabichi ya mbuzi.

Ila mimi sisahau Bugwema, mwaka juzi. Mama Hyasinta ni mjane, mbuzi zake zinalindwa na mbwa mmoja tu, Askari. Askari akaanza kutoa udenda, mdomo wazi, haufungi. Kijiji kikasema kichaa, marungu yakaja. Mama Hyasinta akamfungia bandani, akakaa mlangoni, akawaambia waanze kumuua yeye, halafu wapange zamu ya kukesha wakilinda mbuzi zake.

Apolinary alifika, hakumgusa mbwa. Alichungulia tunduni muda mrefu. Mbwa anajikwangua mdomo kwa mguu. Akauliza kala nini. Mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani wakishachukua minofu, tunayogombania siku hizi watu na mbwa. Basi kamba shingoni, kichwa kikabanwa kwenye nguzo, kijiti katikati ya meno, glavu, koleo. Mfupa ukatoka, mrefu kama kidole changu.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliwaambia kichaa nacho kinaanzaga hivyohivyo, kwa hiyo asitokee mtu wa kutia mkono kwenye mdomo wa mbwa. Askari akabaki amefungwa, anaangaliwa, mpaka Apolinary aliporidhika. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha akimbie hospitali. Askari yupo, mbuzi zipo.

Tulimuuliza tumchinjie nini. Amekataa. Anataka kila mtu aje na mbwa wake, kamba shingoni, kwa sababu chanjo ya kichaa imefika. Kwa hiyo sherehe ni joshoni Buhare, asubuhi. Pilau ipo, lakini ukimwacha mbwa nyumbani, mwiko ninashika mimi.

Asante, Apolinary, umetufaa sana. Mungu akupe miaka mirefu, magoti yasiyouma na usingizi wa kutosha. Na wewe mwenyewe, mbwa wako umlete wa kwanza achanjwe, watu waone.