"Shangazi Tu?": Kumuaga Bwana Pettit wa Dirisha la Karo

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mchungaji Lolohea, ndugu wageni waalikwa, wenzangu wa Idara ya Karo na Mikopo, na nyinyi akina mama mliojipanga karibu na nguruwe wa kuoka mkidhani sijawaona: malo e lelei, hamjambo nyote.

Mimi, Siutiti Vakauta, nimepewa dakika tano kumuaga Bwana Graham Pettit, jirani yangu wa meza kwa miaka mingi. Tuseme ukweli: Bwana Pettit ni mgumu. Mwanafunzi akiacha masomo kabla ya tarehe ya mwisho, karo inarudi kwa serikali iliyomkopesha na deni linafutika. Akichelewa siku moja, deni lote ni lake, hata kama hakukanyaga darasani. Wangapi wamelia pale dirishani? Na wangapi aliwapa karatasi ya kufutia machozi, kisha akawakatalia vilevile?

Mmoja wao ni Kalolaine Taufa wa Mangere, aliyekuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Katikati ya muhula, shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, alifariki kule kwetu visiwani, Ha'apai. Akapanda ndege, akakaa mpaka msiba ukaisha, na masomo yakampita. Aliporudi akaomba afutiwe karo. Kanuni ilisema "jamaa wa karibu": mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Bwana Pettit akakataa. Na kwa kuwa masomo yote yaliandikwa kafeli, asingepata mkopo tena. Uuguzi ungeishia hapo.

Nikamwendea. "Graham, kwetu shangazi ndiye mkubwa. Baba mwenyewe humwinamia."

"Shangazi tu, Siutiti?"

"Tu? Hebu lirudie neno hilo mbele ya mama yangu uone!"

"Kanuni si yangu. Alete ushahidi mbele ya kamati."

Ushahidi gani? Cheti cha kifo hakimtaji mtoto wa kaka. Binamu zake wakamshauri, "Andika mama, we! Nani atajua?" Kalolaine akawajia juu: "Nimuue mama yangu kwa sababu ya karo?"

Akaja kwenye kamati kama alivyokuwa. Nywele zilizomfika kiunoni zilikuwa zimekatwa kumwombolezea shangazi. Alikuwa amejifunga mkeka wa msiba, ule tunaouvaa juu ya nguo, mkuukuu, umechanikachanika, umempanda hadi kifuani. Bwana Pettit akamtazama, kisha akamuuliza polepole, "Na angekufa mjomba wako?"

"Ningevaa mkeka mzuri, mdogo, nikae mbele. Kwa mjomba mimi ni mkubwa. Kwa shangazi mimi ni wa jikoni, na siondoki mpaka niambiwe. Baba angenisamehe kufeli. Kuondoka mapema asingenisamehe."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapomheshimu mtu huyu. Angeweza kumwonea huruma akampitisha kimyakimya, tukampigia makofi, na mwingine angekuja akagonga ukuta uleule. Badala yake alisema, "Binti hajakosea. Kanuni ndiyo imekosea." Akang'ang'ana na kamati, na mnajua anavyong'ang'ana, mpaka orodha ile ikafutwa, pakaandikwa swali: Nani amekufa, na kwenu ulipaswa kumfanyia nini? Kalolaine akawa wa kwanza kulijibu. Deni likafutwa, akarudi darasani.

Kalolaine, simama wakuone. Huyo ni nesi wa wodi ya watoto, na nywele zimerudi, Mungu asifiwe. Mtoto aliyempakata ni Sisilia, binti wa kaka yake. Shangazi sasa ni yeye.

Bwana Pettit, akina Taufa wamekuletea mkeka. Huu ni wa sherehe, kwa hiyo nakuomba usimtandikie mbwa wako.

Siku moja, na Mungu aisogeze mbali sana, Sisilia huyu anaweza kufika kwenye dirisha lile, nywele zimekatwa, hajui aanzie wapi. Wewe hutakuwepo. Swali lako litakuwepo, na hakuna atakayemuuliza, "Shangazi tu?"

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Akina mama, haya, funueni sufuria.