Tawi Lililoachwa Tupu Ubaoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Bwana Haverkamp; Mchungaji Tjaden; walimu wenzangu; wazazi; nanyi nyote niliowahi kuwafundisha: habari za mchana.

Kwa miaka arobaini na mmoja, hadi leo ninapostaafu, nimefundisha sarufi ya Kiingereza katika chumba kile kinachotazama mahindi. Hakuna aliyetoka humo bila kujua kuichora kwa mistari ubaoni sentensi yenye viarifu viwili: mtenda anakaa kushoto, anatajwa mara moja tu, kisha mstari unagawanyika matawi mawili, naye anayabeba matendo yote mawili. "Orville alikaa nyuma na kula tufaha." Mheshimiwa Mwenyekiti, Orville huyo ni wewe, na tufaha lile nililiona.

Kila Ijumaa wanafunzi walileta sentensi za nyumbani kwao. Ijumaa moja ya mwaka 1949, Darlene Dykhouse, msichana wa miaka kumi na mitatu, alichora matawi mawili. Kwenye la juu aliandika kwamba baba yake alilima. La chini akaliacha tupu.

"Baba alilima na kufanya nini?" nikamwuliza.

"Bado sijui, Mwalimu."

Merle, mwana wa Mwenyekiti, akadakia kutoka nyuma: "Kalala huyo, Mwalimu! Si unamjua mzee Dykhouse!" Darasa zima likacheka.

"Ubaoni kwangu hakuna 'bado'," nikasema. "Sifuri. Kaa chini."

Jumapili, kanisani, ndipo niliposikia. Alhamisi jioni trekta lilikuwa limempindukia Bwana Dykhouse, naye alikuwa hospitalini, hajazinduka. Je, niliifuta sifuri ile? Sikuifuta. Nilisema kanuni ni kanuni, na Darlene akakosa cheti cha sarufi.

Leo Darlene ni mwalimu, na Jumatatu Bodi itaamua kama atapewa chumba changu. Nimemsikia mjumbe mmoja akinong'ona penye kahawa, "Huyu si ndiye aliyepata sifuri kwa Mwalimu mwenyewe?" Ndiye! Ndiye pekee aliyekataa kuandika asilolijua ili kunifurahisha. Mnatafuta mwalimu wa namna gani zaidi ya huyo?

Bwana Dykhouse, umekaa mstari wa mbele na mkongojo wako. Ulilima na kurudi nyumbani. Sentensi imekamilika, na kosa halikuwa la mwanao. Daftari la alama la mwaka ule ninalo hapa: mbele yenu naifuta sifuri na kuandika mia.

Darlene, simama upokee chaki. Bodi itapiga kura yake Jumatatu, lakini kura yangu ndiyo hii.

Nawashukuru kwa utulivu wenu. Sasa mnaweza kula tufaha.