Kidudu Kilichobaki kwenye Jiliwa

Maneno ya mwisho ambayo mke wangu aliniambia yalikuwa haya: "Sogea, unanikingia mwanga." Nikasogea. Alikuwa mezani kwake, dirishani, anafunga kidudu. Hivyo ndivyo tulivyoviita nyumbani: ndoana ndogo yenye tone la risasi shingoni, mkia wa manyoya, na uzi wa cherehani uliozungushwa katikati. Kwa vidudu hivyo na mshipi mwembamba tulivua sangara wadogo bwawani kila Jumamosi. Nilitoka kuanua nguo. Niliporudi alikuwa amelaza shavu juu ya mkono kama mtu anayesinzia, na kidudu bado kimebanwa kwenye jiliwa, kile chuma cha kushikia ndoana. Tangu hapo sijui kukaa. Nyumbani nahama kiti hadi kiti, na nikichoka kuhama naenda kijiweni, kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha fundi saa, nikanywe kahawa nimesimama.

Kijiweni wananiita Vipimo, kwa sababu nilisomea upimaji wa ardhi na sijaacha kupima. Fundi saa ni Dakika. Kinyozi wa mlango wa pili, asiye na unywele hata mmoja, ni Upara. Wa tatu ni Spika, tarishi mstaafu ambaye hajawahi kunong'ona. Alasiri moja nilikuwa nimewaletea kile kidudu cha kwenye jiliwa ndani ya kikopo cha dawa ya kifua. Ndicho pekee kilichobaki; vingine vyote alivyofunga vilinasa kwenye mawe, viko chini ya bwawa. Mimi nimekiiga mara nyingi. Nimepima mkia, nimehesabu mizunguko ya uzi, risasi nimeipima kwa mizani ya duka la dawa. Sangara wanavidonoa vyangu na kuviacha. Dakika alikuwa na dawa moja: tukifungue cha shemeji, uzi kwa uzi, tuone kilichomo. Kikishafunguliwa hakitarudi kilivyokuwa. Nilikuwa nimekubali, au karibu.

— Kaa basi, Vipimo, — alisema Dakika. — Unazunguka kama mshale wa sekunde.

— Nimekaa sana nyumbani.

— Uongo, — alisema Upara. — Suruali ya mtu aliyekaa huwa na mikunjo. Yako imenyooka kama ya mlinzi wa benki.

Dakika akabandika kioo chake jichoni, akakishika kidudu kwa kibano.

— Hiki ndicho kilichokutwa kwenye jiliwa siku ile?

— Ndicho.

— Kazi safi. Shemeji alikuwa na mkono.

— Wewe usiangalie uzi, angalia manyoya, — alisema Upara. — Ya kuku gani?

— Wa jirani, — nikasema. — Na yangu ni ya kuku huyohuyo.

— Upande gani wa shingo?

— Shingo ya kuku nayo ina upande?

— Nimenyoa vichwa tangu sijaota ndevu, Vipimo. Nywele za kushoto na za kulia hazina tabia moja. Za kushoto zinalala, za kulia zinabisha. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Hiyo inahusu nini hapa? — akafoka Spika.

— Inahusu kuku.

— Mnapoteza muda wenu na wangu! Ni harufu. Shemeji alikuwa anapaka nini mikononi?

— Glisirini, — nikasema.

— Wewe umepaka?

— Nimepaka.

— Mikono yote miwili?

— Mpaka viwikoni.

Benchi zima likacheka, nami nikacheka, kisha nikahama kutoka ncha moja ya benchi kwenda nyingine bila kuketi.

— Basi si mafuta, ni mkono wenyewe, — aliendelea Spika. — Sangara anaujua mkono wa mwanamke. Samaki gani mwenye akili zake atafuata kitu kilichofungwa na mwanamume mwenye mvi? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Nani hakufunzwa, mimi au sangara?

— Wote wawili!

Dakika akainua kidole.

— Tulieni. Jibu ni sauti. Uzi ukikazwa unalia, na kila fundi anakaza kwa mdundo wake. Cha shemeji kikiwa majini kinaimba. Chako, ndugu yangu, kinakoroma.

— Umekisikilizia wapi, wewe unayeogopa hata dimbwi? — aliuliza Upara.

— Nina masikio ya kazi.

— Masikio ya kazi! — alisema Spika. — Saa yangu uliirudisha ikienda kinyumenyume.

— Ilikuwa inakutafutia ujana wako. Mbona hukushukuru?

Muuza kahawa akapita akitujazia vikombe. Changu nilikimaliza kabla hajafika kwa Spika, kikaniunguza ulimi, nikamrudishia. Mtaani mtu alikuwa akishusha magunia ya saruji, na kila gunia lilipotua nilijikuta nimegeuka kutazama, kana kwamba kuna aliyeniita.

Spika aliweka kikombe chini. Akafanya jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya: akapunguza sauti.

— Mimi nitasema, na msinipige. Sangara wamepata habari.

— Habari gani?

— Kwamba shemeji hayupo. Watu wanazungumza pale kandokando ya bwawa, na maji yanapokea. Sasa wanakuja kama watu wanavyokuja kutoa pole. Wanafika, wanagusa kidogo, wanaondoka.

Upara akamkanyaga mguu.

— Sikukusudia vibaya, kaka, — alisema Spika.

— Najua.

Na nilijua. Ilikuwa nadharia mbovu kuliko zote, na ndiyo pekee iliyoeleza jinsi wanavyodonoa.

Dakika alichomoa wembe kwenye karatasi yake.

— Tufanye kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Sasa wewe hapo unaziba au unapasua? — aliuliza Upara.

— Nyamaza. Vipimo, nikate fundo la shingoni?

Nilitaka jambo moja tu: nijue kukifunga. Nguo za mke wangu zinataka kutunzwa, na naweza kuzitunza. Lakini kidudu kilikuwa kitu alichokifanya, na kama mimi siwezi kukifanya, basi hakifanywi tena na mtu yeyote. Nikazunguka nyuma ya benchi, nikarudi mbele.

— Kata.

Pembeni ya kibanda alikuwa amesimama dada mmoja aliyekuja kuchukua saa yake. Hatukumjua. Alikuwa amesubiri fundi amtazame, na katika kusubiri amesikia yote.

— Shikamooni, — alisema. — Samahani, baba. Hicho, mama alikuwa amekimaliza?

— Marahaba. Unasemaje?

— Nimesikia kilikutwa bado kimebanwa. Nauliza tu. Alikuwa amekimaliza?

Wembe wa Dakika ulisimama hewani.

— Fundo lipo, — alisema Dakika, jicho kwenye kioo.

— Fundo unaweza kufunga hata ukienda kuepua sufuria, — alisema Upara. — Ukirudi unaendelea.

— Au usiendelee, kama ni la mwisho.

— Sasa ni la mwisho au si la mwisho?

— Mimi ni fundi wa saa!

Wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimekipima kitu kile hadi nusu ya milimita, na sikuwahi kujiuliza kama ni kizima. Vingine vyote vilinifikia vikiwa tayari ndani ya kopo, Jumamosi asubuhi. Anavyoanza niliona mara nyingi. Anavyomaliza sikupata kuona.

— Sijui, — nikamwambia yule dada.

— Haya, baba. Pole sana.

Dakika akampa saa yake. Aliitega sikioni, akaridhika, akaenda zake. Dakika akaurudisha wembe kwenye karatasi, akakiweka kidudu ndani ya kikopo, akanikabidhi.

— Chukua, Vipimo. Siwezi kukufungulia kitu nisichojua kama kilifungwa.

Asubuhi yake nilikwenda bwawani kabla hawajafungua vibanda. Sikubeba hata kimoja cha kwangu. Nilikifunga cha kwake kwenye mshipi, nikakitupa kwenye maji ya wazi. Sangara wakaja: wakadonoa, wakadonoa tena, wakaacha, vilevile kama wanavyonifanyia mimi. Nikakivuta. Manyoya yalipolowa yalipita mbali nyuma ya ndoana; walikuwa wanauma ncha, na chuma hakiwafikii. Hakuwa amemaliza. Nikaubana mkia kwa kucha za vidole viwili, nikanyofoa pale nilipokadiria, bila kupima. Huenda yeye angekata juu zaidi, huenda chini, sitajua. Kile kipande cha manyoya kilinishika kidoleni, nikakipuliza, kikaenda. Nikakitupa kidudu tena. Kabla hakijagusa chini mshipi ukakaza, nikamvuta sangara wa ukubwa wa kiganja, akiwa amekimeza barabara. Nilimtoa ndoana mdomoni, nikamrudisha majini. Kisha nikatupa tena, safari hii kwenye mawe, mahali ambapo yeye alikuwa akitupa bila wasiwasi na mimi nikiogopa kupoteza.